Cacio e pepe jikoni kwangu Dar, baada ya kupika gundi mara tatu

Nianze na washauri. Mmoja aliniambia nitie krimu. Mwingine akasema siagi ya kopo. Wa tatu, ambaye Roma yenyewe hajafika, akashauri unga wa ngano "kiasi tu". Jamani, cacio e pepe ni tambi, jibini ya kondoo na pilipili manga, basi. Ukitia krimu huenda ukapata chakula kitamu, lakini kitafutie jina lingine.

Naipenda pia kwa sababu, kati ya tambi nne ambazo Roma inajivunia, ni hii tu isiyo na nguruwe. Carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mhudumu hakuambii kwa kuwa kwake hilo halihitaji kusemwa. Kwa wanaochunguza zaidi: Pecorino Romano, ndiyo hiyo jibini ya kondoo, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo. Alichinjwa vipi, hapo kila mtu na msimamo wake. Kule sahani ni euro 12 hivi, na huongezwa euro mbili tatu za mkate unaowekwa mezani bila kuombwa. Usiurudishe, ndio wa kufutia mchuzi.

Jibini nilinunua sokoni Testaccio, mtaa wa Roma, kilo moja, euro 20 na ushee. Mwambie muuzaji unataka ya kukwaruza: hiyo hukaa miezi 8 au zaidi kabla ya kuuzwa, ilhali ya miezi 5 ni ya kula mezani, laini zaidi. Lebo ikisema Sardinia usidhani umeibiwa. Jina ni la Roma, ila sehemu kubwa hutengenezwa kisiwani huko. Kisha tamka "sottovuoto", na omba akate vipande vya gramu 160, kila kimoja afunge peke yake bila hewa. Alinuna kidogo, akafanya. Faida yake utaiona nyumbani: kila kipande ni mlo mmoja wa watu wawili, unatoa kimoja kwenye friza na vingine havijui. Ikigandishwa humegukameguka, lakini si inakwenda kukwaruzwa?

Sasa aibu yenyewe. Mara ya kwanza nilichemsha tambi kwenye sufuria kubwa ya maji mengi, nikazihamishia kwenye kikaangio juu ya moto, nikamwaga jibini yote kwa mkupuo. Sekunde kumi hazikupita. Jibini ikajivuta, ikajikunja, ikawa bonge moja lililong'ang'ania mwiko kama utomvu wa fenesi, na chini yake maji meupe yakabaki peke yake. Nikaongeza maji, bonge likawa mabonge. Nikaongeza moto (ndiyo, niliongeza moto) likawa mpira. Mara ya pili nilitumia jibini iliyokwaruzwa kiwandani, ya mfuko. Ile huchanganywa na unga wa kuizuia isishikane, ikabaki chengachenga. Ya tatu nilizima jiko lakini kikaangio kilikuwa cha chuma kizito, moto umo ndani yake bado.

Sababu ni hii: jibini ikipita nyuzi 65 hivi, protini zake hukamatana na kuyatema maji na mafuta. Kinachozizuia zisikamatane ni wanga. Waroma huupata kwenye maji yaliyochemshiwa tambi, na mpishi aliyezoea anayajua kwa macho yakiwa mazito vya kutosha. Mimi siyajui. Mwaka 2025 wanafizikia, wengi wao Waitaliano, walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel kwa kuuchunguza mchuzi huu. Jibu lao ni wanga wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini. Kwa gramu 160 hiyo ni gramu 4 za konflawa, kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha.

Koroga konflawa na maji ya baridi mililita 40, weka kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito na kuanza kung'aa kama uji wa mgonjwa. Epua. Ongeza vijiko viwili vya maji baridi, ngoja hadi uweze kuchovya kidole bila kukitoa mbio. Hapo ndipo jibini inaingia, ikiwa imekwaruzwa kwa matundu madogo kabisa, yale yanayotoa unga na si nyuzi. Saga kwenye blenda au piga kwa mchapo. Inatoka laini kama malai.

Pilipili manga nzima, vijiko viwili vya chai: kaanga bila mafuta hadi inukie, twanga kwenye kinu iwe vipande. Ya unga wa pakiti inawasha tu. Ya Muheza au Zanzibar ni kali kuliko niliyokula Roma, anza na kijiko kimoja na nusu.

Tambi ziwe spageti za ngano ngumu, gramu 240. Zile nyembamba za kupika kwa sukari na iliki ziache kabatini. Chumvi ya maji nusu ya kawaida yako, maana jibini ina yake ya kutosha. Epua dakika moja kabla ya muda wa pakiti, changanya kwenye bakuli, si kwenye kikaangio, ukilegeza kwa maji ya tambi kijiko kwa kijiko.

Pecorino ikiisha, supamaketi za Dar kipande kidogo utakilipia bei ya kuku wa kienyeji. Jibini ngumu ya ng'ombe inafaa kwa njia hiyohiyo. Haina ule ukali, hivyo ongeza chumvi.

Kiporo pasha taratibu na kijiko cha maji, konflawa itaulinda mchuzi usikatike. Ganda la jibini likiwa halikupakwa kitu, likwangue, ulitumbukize kwenye sufuria ya maharage yakikaribia kuiva. Lile jeusi limepakwa, tupa.