Sentimita Tatu

Zilibaki siku mbili kabla ya maonyesho ya sayansi, na ubao wetu ulikuwa umeshapambwa: kichwa cha habari kwa rangi mbili, mchoro wa pendulamu, jedwali. Kilichokosekana ni jibu la maana.

Kazi yenyewe mimi na mwenzangu tuliiona nyepesi. Unafunga kipira kigumu kwenye uzi, unakining'iniza, unakivuta pembeni kidogo, unakiachia, kisha unahesabu mibembeo 20 ya kwenda na kurudi huku stopwochi inakimbia. Unabadili urefu wa uzi, unarudia. Uzi wa sentimita 20 ulitupa sekunde 19.2; wa mita moja, sekunde 40.7. Kila urefu tuliupima mara tatu, maana kidole cha kubonyeza stopwochi mara kinawahi, mara kinachelewa. Ukishajua urefu na muda wa mbembeo mmoja, fomula inakupa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kasi ya kitu kinachoanguka inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde; vitabuni ni karibu mita 9.8 kwa sekunde.

Sisi wastani wetu ulitoka 9.19.

Mwenzangu alikuwa na dawa. "Inayotuharibia ni hii ya kwanza, 8.57. Tukiifuta, tunapanda hadi 9.35." Nakiri nilishika kifutio. Wala si uadilifu ulionizuia, hata 9.35 ilikuwa bado haitoshi, na tungeendelea kufuta jedwali lingebaki mifupa. Basi tukaandika chini yake: "Tofauti imesababishwa na msuguano wa hewa." (Sijui ripoti za wanafunzi zingemsingizia nani kama dunia isingekuwa na hewa.)

Mwalimu wa fizikia alipopita, wastani hakuutazama kabisa. Aliweka kidole juu ya safu ya mwisho akashuka nacho polepole, akizitamka: 8.57, 9.13, 9.31, 9.43, 9.53. Akarudia.

"Mnasikia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Zinapanda. Makosa ya mkono huyumba, juu na chini. Haya yenu yamepanga foleni." Akatuachia karatasi ya grafu, akaenda zake.

Tukaanza upya. Kwenye mhimili mlalo tuliweka urefu wa uzi. Kwenye mhimili wima, muda wa mbembeo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. Nukta tano zikajipanga kwenye mstari ulionyooka hivi kwamba mwenzangu alidhani nimezilazimisha. Ila mstari wenyewe ulikataa kupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wima juu kidogo, kana kwamba hata pasipo uzi kipira kingeendelea kubembea. Nikaurefusha kwa rula kuelekea kushoto, nyuma ya sifuri, hadi ukagusa mhimili mlalo. Nikahesabu vijiraba: karibu sentimita tatu.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha mwenzangu akakichukua kipira, akakibana katikati ya vitabu viwili vilivyosimama, akapima nafasi iliyobaki kati yake. Sentimita sita.

Siku zote tulikuwa tumepima uzi peke yake, kutoka fundo la juu hadi unapogusa kipira. Pendulamu haijali uzi unaishia wapi. Urefu wake unafika hadi kitovu cha kipira. Sentimita tatu zile tuliziacha kila mara, bila kukosa. Ukizitoa kwenye mita moja, pengo ni dogo. Ukizitoa kwenye sentimita 20, zinauma. Kwa hiyo namba ile tuliyotaka kuifuta ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele kuliko zote, na wastani wetu ulikuwa umeikoroga pamoja na nyingine mpaka sauti ikapotea.

Kilichonishangaza zaidi ni mteremko wa mstari. Tuliutumia ulivyo, bila kusahihisha kipimo hata kimoja, ukatupa 9.8. Kosa lililo sawa kila mahali husogeza mstari mzima pembeni. Mwinamo wake haliugusi.

Hatukuwa na muda wa kutengeneza ubao mwingine. Maneno "msuguano wa hewa" tuliyakata kwa mstari mmoja mwekundu, grafu tukaigandisha pembeni. Siku ya maonyesho jaji mmoja aliinama karibu kabisa, akauliza mbona tumekata maneno yetu wenyewe.

Mwenzangu akatoa kipira mfukoni.