Swali ambalo Askofu Payne hakulifuta

Somo: Yeremia 36:20–32

Wapendwa, Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, alilichoma gombo la nabii Yeremia bila papara. Ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Zikisomwa kurasa tatu au nne, anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni. Utulivu huo ndio unaonitisha.

Huko Marekani, jimbo la South Carolina lilitumia sheria badala ya moto. Mwaka 1829 mjini Charleston, Daniel Payne, kijana mweusi aliyezaliwa huru na kubaki yatima, alifungua shule. Alianza na watoto watatu, na usiku watumwa watatu watu wazima, kila mmoja kwa nusu dola kwa mwezi. Shule ikakua. Mwaka 1834 jimbo likapiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma, wala mtu mweusi huru asiendeshe shule. Mwaka uliofuata Payne akafunga milango, akaondoka kwenda kaskazini.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu mzee, alisimulia kwa maandishi yaliyompata moyoni siku zile. Alianza kujiuliza kama Mungu yupo. Na kama yupo, je, ni mwenye haki? Kwa nini aache watu wa rangi moja wawakandamize wengine? Angeweza kuyaficha hayo, maana nani angejua? Lakini aliyaandika, pamoja na jibu lililomjia: kwamba kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu, na kwamba utumwa utakomeshwa.

Mei 1865 alirudi Charleston, miaka 30 tangu aondoke, akiwa askofu wa Kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi. Wapo waliokufa utumwani ndani ya miaka hiyo, na tusiliruke hilo kwa kuwa tu habari imeishia vizuri kwake.

Mtu aliyenyang'anywa ubao na chaki alipenda sana karatasi. Mwaka 1848 kanisa lake lilimteua kuwa mwandishi wa historia yake, akasafiri akitafuta kumbukumbu za vikao na nyaraka nyingine. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1891, miaka miwili kabla ya kifo chake. Mwaka 1863 alikubali kununua Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, kwa dola 10,000, huku mwenyewe akisema hakuwa hata na noti ya dola kumi. Akawa rais wake. Tarehe 14 Aprili 1865, siku ileile Rais Lincoln wa Marekani alipopigwa risasi, jengo kuu likateketea. Wakajenga tena.

Sisi ni hodari wa kushuhudia baada ya jambo kwisha, na ushuhuda wetu mara nyingi huwa umeshafuliwa na kupigwa pasi. Swali tulilokuwa nalo usiku wa shida halimo. Hata Yeremia hakujificha: sura ya 20 anamlalamikia Bwana waziwazi, na malalamiko yake tunayasoma kanisani hadi leo. Wiki hii chukua daftari, uandike lile unaloogopa kumuuliza Mungu mbele ya watu. Weka tarehe. Acha nafasi chini yake.

Bwana, wakumbuke wanaokuuliza leo wakiwa bado ndani ya shida, na utupe subira ya kuketi nao bila kuwajibia kwa niaba yako. Amina.