Singo zilizododa na jamaa waliozifufua

Mi huwa nasema hivi na watu wananikasirikia: bendi nyingi za biti (pop ya magitaa kama ya Beatles wa mwanzo) za Uingereza za 1964 mpaka 1967 zilikuwa na wimbo mmoja tu wa maana, basi. Wengi hawakuwahi hata kupewa nafasi ya kurekodi albamu, na waliopewa wengi wao walijaza nyimbo za kukopi za Wamarekani Chuck Berry na Bo Diddley, halafu katikati hapo unakutana na dakika mbili na nusu ambazo hata wenyewe sidhani walielewa wamefanya nini. Ndo maana kwenye muziki huu albamu za mkusanyiko, ambazo kwingine tunaziona ni za watu wavivu, zinakuwa ndo kazi yenyewe na msanii ni yule aliyekaa akachagua.

Si unajua hali ilivyokuwa. Beatles walipolipuka 1963 makampuni makubwa, EMI, Decca, Pye na Philips, yakaanza kusaini kila kundi la madogo wanne wenye magitaa na nywele machoni, wanaingia studio masaa machache, singo (santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande) inatoka, ikidoda wanajaribu ya pili, ikidoda tena kwaheri. Na kudoda kulikuwa rahisi mno, maana BBC ilikuwa imebanwa na makubaliano na makampuni ya rekodi na chama cha wanamuziki, santuri zilipigwa hewani masaa machache tu kwa siku, sasa singo ya madogo wasiojulikana ingepenya wapi? Redio za maharamia kama Radio Caroline, iliyoanza kurusha kutoka melini 1964, zilisaidia kidogo mpaka sheria ya Agosti 1967 ikazikata miguu. Sorrows wa Coventry walifika namba 21 na Take a Heart mwaka 1965 na kwenye ulimwengu huu hao tunawahesabu kama matajiri.

Halafu kuna wale ambao hata hiyo kampuni hawakuipata, wakajilipia wenyewe. Studio ya R.G. Jones huko Morden ilikuwa na lebo yake, Oak, na bendi nyingi zilichapisha nakala 99 tu kwa sababu ukifika 100 unaingia kwenye kodi. Tisini na tisa! Toa za mama, za wajomba, za mapromota ambao hawakuzisikiliza, zimebaki ngapi?

Ila utamu wenyewe uko upande B. Upande A ulikuwa wa prodyuza, yeye ndo anachagua wimbo, mara nyingi kitu cha Mmarekani fulani kilichokwishajaribiwa, anataka kiuzike. Upande B hakuna aliyejali, muda umebaki kidogo, haya madogo pigeni chochote. Na wakipiga chochote ndo wanapiga walivyopiga jukwaani Jumamosi usiku. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni bendi ya Syndicats, lebo ya Columbia, 1965: upande A ni On the Horizon, wimbo wa kistaarabu kabisa, geuza santuri unakutana na Crawdaddy Simone, gitaa la Ray Fenwick linapiga kelele kama mashine iliyokosa oili, mpiga kinanda anagonga kama anadai deni, na prodyuza ni Joe Meek, yule jamaa aliyekuwa anarekodi kwenye fleti yake ya 304 Holloway Road, London, juu ya duka la mabegi. Kwenye chati haukuonekana kabisa. Leo ukitaka singo yenyewe ya 1965, jiandae kuuza kitu kikubwa.

Sasa nani aliyegeuza hizo santuri? Wamarekani walitangulia, Lenny Kaye na mkusanyiko wake Nuggets mwaka 1972, santuri mbili, nyimbo 27, lakini zile ni bendi za Marekani (ambazo nyingi zilikuwa zinawaiga Waingereza, ambao nao walikuwa wanawaiga weusi wa Chicago, kwa hiyo ni duara). Uingereza yenyewe ilisubiri mpaka miaka ya 80. Kwanza zikaja albamu za mkusanyiko za Chocolate Soup for Diabetics, zisizo na ruhusa ya mtu, halafu 1984 Phil Smee na lebo yake ya Bam-Caruso wakaanza mfululizo wa mikusanyiko wa Rubble, ukafika volyumu 20. Smee ni mtu wa grafiki kwa kazi, na inaonekana: kava, picha za bendi, maelezo ya nyuma, vyote vinakufanya uamini kulikuwa na chama kizima cha wendawazimu wanaojuana. Hakikuwepo. Hata jina freakbeat, ambalo muziki huu unaitwa leo, ni yeye aliyelibuni miaka ya 80. Mwaka 1966 Wimple Winch kule Liverpool na Eyes kule Ealing walikuwa bendi za pop tu zinazotafuta hela, aliyewaweka meza moja ni mtu mwenye santuri nyingi na masikio mazuri. Mi sioni ubaya wowote, tena nadhani ndo uzuri wake. Eyes hao hao wana wimbo wa kuutania My Generation wa bendi ya The Who, unaitwa My Degeneration, upande B bila shaka.

Kitu kingine, zile za zamani zinakwaruza. Kanda za studio nyingi zilipotea au hakuna aliyehangaika kuzitafuta, kwa hiyo nyimbo zilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye santuri ya mtu, na sauti yake ya kukaanga chipsi. Siku hizi wanasafisha. Wakati mwingine wanasafisha mpaka ngoma inapoteza ngumi, bora mikwaruzo. Lakini kanda zikipatikana kweli ni raha tupu, na hapa turudi kwa Meek: alipokufa Februari 1967 kanda zake, kama 1,850 hivi, zilikuwa kwenye masanduku 67 ya chai, akazinunua Cliff Cooper kwa pauni 300, yule yule mwenye kampuni ya amplifaya za Orange, na yeye mwenyewe alishawahi kurekodiwa na Meek. Zikakaa miaka zaidi ya hamsini. Kampuni ya rekodi ya Cherry Red wakazichukua 2020 na tangu hapo vitu vinatoka kidogo kidogo.

Cherry Red pia ndo wenye lebo ya Grapefruit, hawa wa maboksi ya CD tatu tatu, mwaka kwa mwaka. Utafiti mkali, vijitabu vinene, heshima zote kwao. Ila kusema ukweli boksi la nyimbo themanini linanichosha. Ukifika wimbo wa hamsini unaanza kugundua kwamba baadhi ya singo zilidoda kwa haki. Nuggets II ya lebo ya Rhino, 2001, ina nyimbo 109 na hiyo naisamehe kwa sababu walitoka nje ya Uingereza pia, wakaleta mpaka Los Shakers wa Uruguay, sikio linapumzika. Lakini Rubble moja ya santuri moja, nyimbo kumi na kitu, mtu amekaa akafikiri huu uanze, huu ufuate, huu tuutupe, hiyo naweza kuisikiliza ikaisha nikairudia.

Kama hujawahi kugusa haya mambo anza na Rubble ya kwanza, The Psychedelic Snarl, sauti juu, na majirani uwaombe radhi mapema.