Jua la Claude na yai langu

Binti wa kaka yangu alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama, akauliza, "Shangazi, mbona umechora yai baharini?"

Lilikuwa jua. Nililipaka njano safi, nikazidisha nyeupe katikati, halafu nikashangaa kwa nini haliwaki.

Nilikuwa nanakili picha ya mchoraji Mfaransa Claude Lorrain ya mwaka 1648, ile ya bandarini ambako Malkia wa Sheba anaondoka kwenda kwa mfalme Sulemani. Picha yenyewe iko National Gallery, London, tangu jumba hilo lilipoanzishwa mwaka 1824. Ni turubai kubwa, karibu mita moja na nusu kwa mita mbili. Yangu ni nakala iliyochapishwa kwenye karatasi, imeanza kukunjika pembeni.

Baada ya lile swali nilichukua karatasi nyeupe, nikaitoboa tundu dogo kwa ncha ya penseli, nikaiweka juu ya jua la Claude. Kilichoonekana tunduni ni rangi iliyofifia, njano ya karatasi ya zamani. Karatasi yangu ilikuwa nyeupe kuliko jua lake! Nikasogeza tundu hadi kwenye mawimbi ya mbele: kijani kizito, karibu cheusi. Nguzo za kushoto nazo ni giza tupu, maana jua liko nyuma yake na sisi tunaonyeshwa mgongo wenye kivuli. Kumbe hakulipandisha jua. Aliteremsha kila kitu kingine.

Kisha nikalifunika jua kwa kidole gumba. Ungedhani picha itazimika, lakini wapi. Kila kiwimbi kina ukingo mwembamba uliopata mwanga upande mmoja tu, na kingo zote zinaelekeza macho chini ya kidole changu. Meli za mbali zimemezwa na ukungu, milingoti yake imekuwa mistari ya kijivu hafifu, wakati mashua ya karibu unaweza kuona masanduku yakipakiwa. Hewa yenyewe imepakwa rangi. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo weusi wake unavyopauka na kukaribia rangi ya anga. Mimi nilikuwa nimezichora meli zote kwa wino uleule, za mbali na za karibu, ndiyo maana zilionekana kama zimebandikwa.

Malkia mwenyewe? Mtafute. Yuko kulia, anashuka ngazi, vazi la waridi, joho la buluu na taji, mdogo kama kucha. Kwa maoni yangu ni kisingizio. Enzi hizo mandhari matupu yalihesabiwa sanaa ya daraja la chini, na kisa cha Biblia kiliipa picha heshima. Tena, kitabu cha Wafalme kinasema alifika Yerusalemu na ngamia. Meli hizi ni za Claude, alihitaji bahari ili jua lipate mahali pa kumetameta. Simlaumu. Turner, mchoraji Mwingereza wa baadaye, naye hakumlaumu: kwenye wosia wake alitaka picha yake ya malkia Dido akijenga mji wa Karthago, ya mwaka 1815, itundikwe kando ya hii, na ndivyo ilivyo.

Anayenivutia ni kijana wa kushoto, amejilaza gatini, mkono umekinga macho. Hana habari na malkia. Anaumizwa na jua, basi.

Jaribio la pili nilianza kwa kuitia karatasi nzima rangi ya majani makavu, nikaacha kipande kidogo tu bila kukigusa. Maji ya upande wa kulia bado yako kama bati, na ngazi zimepinda. Malkia nimemwacha nje, sikuwa na brashi nyembamba ya kutosha. Kijana nimembakisha. Yule mtoto alirudi, akaitazama kitambo, akauliza huyu mtu anajikinga na nini.

Hakuuliza habari za yai.