Defender yangu imeacha kutetema usukani

Jamani nimefurahi sana leo, ile Land Rover 110 yangu imetoka Arusha mpaka Moshi bila stelingi kutetema hata kidogo, maana kabla ya hapo ikifika spidi 70 halafu ikanyage kashimo kadogo tu, usukani unarukaruka mikononi mpaka usimamishe gari kabisa. Mafundi wengi walinambia nunua stelingi dampa mpya (ile shokomzoba ndogo ya kutuliza usukani), nikanunua, ikatulia wiki mbili ikarudi tena!! Dampa inaficha ugonjwa, haiutibu. Fundi mzee ndo alinisaidia, akaniambia kaa uchezeshe usukani kushoto kulia injini inawaka, yeye yuko chini anaangalia, kumbe bushi (raba) za panhadi rodi, kile chuma kinachozuia ekseli ya mbele isihame pembeni, zimeisha, ekseli nzima inahama pembeni. Na zile pini za juu za swiveli, yaani pale tairi la mbele linapogeukia, zimelegea, akapunguza shimu (vibati vyembamba vya chini ya pini) mpaka zikabana vizuri. Mwisho tairi balansi, halafu alaimenti, ambayo kwa ekseli ya kipande kimoja unarekebisha tu jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana, kwa tairodi (chuma kinachounganisha matairi mawili ya mbele), kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje, hairekebishwi, ukimaliza ni zile klampu za tairodi kuzikaza tu.