Wiki sita za hogo, trei mbili za mayai

Mwezi wa nne, masika ikiwa imeshika kasi hapa Tanga, niliteleza uani na ndoo ya maji mkononi, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Nikafungwa hogo hadi chini ya goti, nikaambiwa nisiukanyagie mguu kwa wiki sita. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya kupiga kwa miguu. Kazi ikasimama siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza nilishinda na simu. Bando la siku linakwisha kabla ya adhuhuri, na jioni ukiniuliza nimeangalia nini, sikumbuki hata kimoja. Redio ilinifaa zaidi kwa sababu mikono inabaki huru. Nikafuma vitambaa viwili vya meza huku nikisikiliza taarabu. Usiku umeme ukikatika, watoto walikuja kitandani kutega vitendawili. Mwanangu wa miaka minane alichoka kupewa miji bure, akatunga sheria yake: ukishindwa na kuambiwa "nipe mji", mji unaoutoa lazima useme jambo moja la kweli kuuhusu. Nikampa Kigoma, nikasema ndiko reli ya kati inakoishia ziwani. Nikampa Bagamoyo, akakataa, anadai nimeshaitoa jana. Tulicheka mpaka taa zikarudi na hakuna aliyeinuka.

Tatizo lilikuwa mchana. Watoto wako shule, mume yuko kazini, nyumba imetulia, na mguu ndio unapata nafasi ya kuuma.

Baba mkwe wangu anakaa nasi, chumba cha mbele. Miaka kumi na moja tumeishi nyumba moja, na maneno yetu mengi yalikuwa shikamoo, chai tayari, na lala salama baba. Ndiyo heshima niliyolelewa nayo. Alikuwa mchezaji bao kwao Pangani, ila macho yalipoingia mtoto wa jicho akaacha kwenda barazani. Siku moja akanikuta nimekodolea ukuta. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu, bao unalijua?"

"Hapana baba. Naliona tu likichezwa."

Kwetu bao lilikuwa la wanaume. Sisi wasichana tulikuwa tukipita barazani, tunaamkia, basi. Akaniambia niagize trei mbili za mayai.

Trei ina mashimo thelathini, matano kwa sita. Bao la Kiswahili linataka mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, kila trei nikaikata ibaki nne kwa nne, nikaziunga kwa uzi wa kushonea magunia. Kete za kweli ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe unaoota ufukweni. Sisi tukatumia mbegu za ubuyu, 64, ambazo watoto walizimung'unya kwa furaha siku mbili mfululizo. Nikaziosha, nikazianika dirishani.

Mchezo wa kwanza akausimamisha katikati. "Halilii," akasema. Haoni vizuri, kwa hiyo anahesabu kwa kidole na kwa sikio, na karatasi ya trei inameza mlio. Jioni nikamtuma mtoto dukani kuomba vizibo vya soda. Kimoja kikaingia chini ya kila shimo. Kesho yake baba akadondosha kete moja, ikasema ti, akatikisa kichwa akaridhika.

Kila mmoja anaanza na kete sita kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu la safu ya mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 anabaki nazo mkononi. Unanamua: unaweka moja moja safu ya mbele, na shimo la mwenzio linalotazamana na lako likiwa na kete, unazila, unazisambaza kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu si yako tena. Nilifungwa mkononi siku tisa mfululizo, maana yake bao limekwisha na bado nimeshika kete. Kosa langu lilikuwa moja: kila nikipata nafasi naisafirisha nyumba, yaani nazisambaza kete zake zote, kwa raha ya kuona kete nyingi zinazunguka. Baba hakunikataza. Siku ya kumi akaniambia tu, "Safu ya nyuma haikuokoi. Ya mbele ikikauka, umekwisha, hata nyuma pakiwa pamejaa."

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nalirudia bao kichwani, shimo kwa shimo, na hogo sikulikumbuka. Simu haijawahi kunifanyia hivyo.

Katikati ya mchezo ndipo aliponihadithia mambo ambayo hata mume wangu hakuyajua: jinsi mama mkwe, ambaye sikumkuta, alivyokuwa akimpelekea kahawa barazani na kusimama nyuma yake kimya, kisha nyumbani anamweleza wapi alikosea. "Alikuwa anacheza kunishinda," akasema, "na hakuna aliyemwachia nafasi." Akala kete zangu nne, akanyamaza.

Wiki ya tano nilikula nyumba yake, kete kumi na moja kwa mkupuo. Akapapasa shimo mara mbili kuhakikisha. Kisha akaita watoto wote waje waone.

Hogo limetolewa, cherehani inalia tena. Baada ya sala ya alasiri nafunika kazi, nahamia chumba cha mbele. Trei hii ni ya tatu, nimeizungushia kitenge pembeni isichakae. Kete tatu zimepotea, nimeweka vifungo vya shati mahali pake. Baba anasema mlio wake si mzuri, nimtafutie komwe.