Kumbukumbu ya mradi wangu: kutoka mitaa 32,844 hadi halmashauri 317

Februari

Swali lililoanzisha mradi huu ni hili: mtu anaposema halmashauri fulani ndiyo yenye maisha duni kuliko zote England, amefikaje hapo? Taarifa moja inataja Blackpool, nyingine inataja Middlesbrough, ya tatu inataja Birmingham, na zote zinasema zimesoma fahirisi ileile ya serikali, yaani kipimo cha jumla cha dhiki ya maisha (Index of Multiple Deprivation). Nimeamua kutobishana na taarifa hizo. Nitahesabu mwenyewe kuanzia chini.

Nimechagua England kwa sababu data yake iko wazi hadi ngazi ya mtaa, pamoja na maelezo ya namna kila tarakimu ilivyopatikana. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina fahirisi zao zilizojengwa kwa viashiria vingine, kwa hiyo nimeziacha. Ninatumia toleo la 26 Septemba 2019. Toleo la 2025 limeshatoka, lakini nataka kwanza kuzoea hili ambalo watu wengi wamelichambua, ili nipate cha kulinganisha na hesabu zangu.

Nchi nzima imekatwa katika maeneo madogo 32,844, kila moja likiwa na wakazi wapatao 1,500. Nitayaita mitaa. Kila mtaa unapimwa katika nyanja 7 kwa viashiria 39. Kipato kina uzito wa asilimia 22.5, ajira nayo 22.5. Elimu ina 13.5, afya 13.5. Uhalifu, vikwazo vya makazi na huduma, na mazingira ya kuishi vina 9.3 kila kimoja. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya fahirisi ni suala la fedha na kazi, na hayo yanatoka zaidi kwenye kumbukumbu za watu wanaopokea ruzuku za serikali. Asiyeomba ruzuku anayostahili haonekani. Nimeliandika hilo juu kabisa ya daftari langu, maana fomula zote zinazofuata haziwezi kumrudisha mtu ambaye hakuhesabiwa mwanzoni.

Mafaili ninayoyahitaji ni mawili. Faili namba 7 lina alama na nafasi za kila mtaa pamoja na idadi ya watu. Faili namba 10 lina muhtasari wa halmashauri zote 317. Mpango ni kuanza na la 7, kulijenga la 10 bila kulitazama, kisha kulinganisha.

Machi

Mwezi wote umekwenda kwenye alama.

Tatizo lenyewe ni kwamba kila nyanja inapimwa kwa kipimo chake. Kipato ni sehemu ya wakazi, uhalifu ni matukio kwa idadi ya watu, hewa ni kiasi cha uchafu. Huwezi kuvijumlisha hivihivi. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuipanga mitaa kwa nafasi katika kila nyanja, kisha kuchukua wastani wa nafasi. Lakini hebu fikiria mtaa ulio na hali mbaya kuliko yote kwa kipato, na bora kuliko yote kwa mazingira. Ukivipa uzito sawa, unaangukia katikati kabisa, kana kwamba hewa safi imewalipia watu kodi ya nyumba.

Watunga fahirisi waliliona hilo, na dawa yao nimeipenda sana. Nafasi zinageuzwa kuwa alama za 0 hadi 100 kwa fomula hii, ambapo R ni nafasi iliyowekwa kati ya 0 na 1, na 1 ndiyo mtaa wenye hali mbaya zaidi (ln ni logi asilia, na e ni namba yake ya msingi):

alama = −23 × ln(1 − R × (1 − e^(−100/23)))

Namba 23 imechaguliwa makusudi ili sehemu yote ya juu ya ngazi, kuanzia alama 50 hadi 100, ikaliwe na asilimia 10 tu ya mitaa, ile yenye hali mbaya zaidi. Nimeijaribu. Mtaa wa katikati unapata kama 16. Ule mtaa wangu wa kufikirika, wenye 100 upande mmoja na 0 upande wa pili, unapata wastani wa 50, yaani unabaki mlangoni pa ile asilimia 10. Uzuri wa upande mmoja haufuti tena dhiki ya upande mwingine.

Jambo jingine la kukumbuka baadaye: kwa kuwa mitaa ni midogo, takwimu zake huyumba. Watu wachache wakiugua mwaka mmoja, kiwango kinaruka. Kwa hiyo viashiria vingi huvutwa kidogo kuelekea wastani wa halmashauri yake, na mtaa wenye data haba ndio unaovutwa zaidi. Ni njia ya haki, lakini ina matokeo ambayo wasomaji wengi hawayajui: halmashauri imeshaingia ndani ya namba ya mtaa kabla hata sijaanza kupanda kwenda ngazi ya halmashauri.

Aprili hadi Juni

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Nilidhani kupanda kutoka mtaa hadi halmashauri ni suala la wastani tu. Kumbe muhtasari wa serikali una vipimo vitano kwa fahirisi hiyohiyo, na kila kimoja kinajibu swali lake. Nimevijenga vyote kutoka faili namba 7, na jedwali langu limekubaliana na faili namba 10.

Wastani wa alama ndio unaonukuliwa zaidi. Unachukua alama ya kila mtaa, unaizidisha kwa idadi ya watu wake, unajumlisha, unagawanya kwa watu wote wa halmashauri. Kwa kuwa ile fomula ya Machi imenyoosha sehemu ya juu ya ngazi, mitaa yenye dhiki kali inauvuta wastani kwa nguvu. Blackpool inashika nafasi ya 1, yaani ndiyo yenye hali duni zaidi.

Wastani wa nafasi unafuata hatua zilezile, ila unatumia nafasi badala ya alama. Blackpool inabaki ya 1. Lakini tazama Barking and Dagenham, mashariki mwa London. Kwa wastani wa alama iko nafasi ya 21. Kwa wastani wa nafasi inaruka hadi ya 5. Data ni ileile, watu ni walewale, mwaka ni uleule. Kinachotokea ni kwamba ugumu wa maisha huko umetandazwa karibu kila mtaa bila kuwa na mitaa mingi ya kupindukia. Kipimo kinachosikiliza zaidi ncha hakiioni vizuri, kinachosikiliza wote kwa usawa kinaiona mara moja. Hackney, nayo ya London, inafuata mkondo huo. Mwenye kutafuta mahali ambapo karibu kila mkazi anabanwa atapata jibu tofauti na mwenye kutafuta mahali penye shimo refu, na wote wawili wako sahihi.

Kipimo cha tatu kinahesabu sehemu ya mitaa iliyomo katika asilimia 10 duni zaidi nchini. Middlesbrough inaongoza: mitaa 42 kati ya 86, sawa na asilimia 48.8. Liverpool inaifuata kwa 48.7. Kipimo hiki ni rahisi kumweleza mtu yeyote, na ndiyo sababu magazeti yanakipenda. Ubaya wake ni makali ya mpaka. Mtaa uliokosa kuingia kwa nafasi chache unahesabiwa sawa na mtaa wa matajiri.

Kipimo cha nne, ambacho mimi nakiita uenezi, kimetengenezwa kulainisha makali hayo. Mkazi wa mtaa uliomo katika asilimia 10 za kwanza anahesabiwa mzima. Kuanzia hapo uzito unashuka taratibu, kutoka asilimia 95 hadi 5, mpaka kufikia asilimia 30, na baada ya hapo ni sifuri. Nikiambiwa nichague kipimo kimoja tu, nitachagua hiki. Hakimtupi mtu nje kwa sababu ya mstari uliochorwa na kompyuta.

Cha tano kinatazama sehemu moja ya kumi ya wakazi wa halmashauri, wale wa mitaa iliyo duni zaidi, na kuuliza wao wako nafasi gani kitaifa. Hiki ni muhimu kwa halmashauri ambayo kwa jumla inaonekana kujiweza lakini ina pembe moja iliyosahaulika.

Na Birmingham? Imetokana na swali la sita. Nyanja za kipato na ajira ni viwango halisi, kwa hiyo unaweza kuhesabu vichwa: watu wangapi wana kipato duni. Birmingham yenye mitaa 639 inaongoza kwa idadi hiyo. Si kwamba mkazi wake wa kawaida ana hali mbaya kuliko wa Blackpool, ila walio na shida ni wengi. Anayepanga idadi ya wahudumu au ya milo ya shule anahitaji vichwa. Wastani hautamwambia aajiri wangapi.

Hivyo zile taarifa tatu za Februari hazikudanganya. Kila moja ilijibu swali bila kulitaja, na kulificha swali ndiko kunakowapotosha wasomaji.

Julai

Mipaka. Isles of Scilly ni mtaa mmoja tu. Sehemu ya mitaa duni huko inaweza kuwa 0 au 100, hakuna katikati. City of London ina mitaa 6. Kuziweka kwenye safu moja na Birmingham ni sahihi kihesabu, lakini msomaji lazima aambiwe.

Kilichonigusa zaidi ni Northamptonshire. Aprili 2021 halmashauri zake saba zilivunjwa zikawa mbili. Corby, mji uliokuzwa na viwanda vya chuma, iliunganishwa na Kettering, Wellingborough na East Northamptonshire. Nimechukua mitaa ileile ya 2019 na kuihesabu upya ndani ya mpaka mpya. Hakuna mkazi aliyehama wala alama iliyobadilika, lakini wastani wa Corby umemezwa na wa majirani zake wenye nafuu. Kile kipimo cha tano bado kinaiona mitaa yake, wastani hauioni tena kwa jina lake. Mtu akifuatilia jedwali la wastani mwaka hadi mwaka ataona eneo lenye dhiki limetoweka, na atakayeumia ni mkazi wa mitaa hiyo ikiwa fedha zinagawanywa kwa jedwali hilo.

Nimejaribu pia njia ya kale zaidi, fahirisi ya mwanasosholojia Peter Townsend na wenzake ya 1988. Ina viashiria vinne tu vya sensa: kukosa kazi, kaya isiyo na gari, kaya isiyomiliki nyumba, na msongamano wa zaidi ya mtu mmoja kwa chumba. Kukosa kazi na msongamano huingizwa kwenye logi kwanza, kisha kila kiashiria kinapimwa kwa umbali wake kutoka wastani na kujumlishwa. Uzuri wake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuijenga jioni moja. Lakini gari linasumbua. Katikati ya London watu wenye kipato kizuri hawana gari kwa sababu hawalihitaji, na vijijini kaya maskini hulinunua kwa kujinyima kwa sababu bila gari hakuna kazi. Nimeihifadhi kama kipimo cha kulinganishia tu. Sensa ya 2021 nayo ilifanyika Machi wakati wa korona, na majibu ya ajira yamebeba alama ya kipindi kile.

Agosti

Kabla ya kuweka jedwali wazi nimesoma tena habari za Jaywick, kijiji cha pwani katika halmashauri ya Tendring. Mtaa mmoja wa huko ulikuwa duni kuliko yote England katika matoleo ya 2010, 2015 na 2019. Sifa hiyo ilisafiri mbali: mwaka 2018 mgombea mmoja wa Marekani alitumia picha ya Jaywick katika tangazo la kuwatisha wapiga kura, na wakazi waliumia, kwa haki kabisa. Fahirisi inahusu eneo. Haisemi kila anayeishi pale ni maskini, wala kwamba nje ya pale hakuna maskini. Mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha hatari ya kumhukumu mtu kwa takwimu za eneo lake tangu 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye watu wengi waliozaliwa nje ya nchi yalikuwa na wachache wasiojua kusoma, lakini ukimtazama mtu mmojammoja, waliozaliwa nje ndio walioelekea zaidi kutojua. Wahamiaji walikuwa wamekaa mahali ambapo wenyeji walikuwa wamesoma.

Kwa hiyo jedwali langu halitakuwa na safu ya "nafasi ya jumla". Kila halmashauri itakuwa na vipimo vitano, idadi ya vichwa, idadi ya mitaa yake, na juu ya kila safu swali ambalo safu hiyo inalijibu. Anayetaka kujua nani ni wa kwanza itambidi achague kwanza wa kwanza katika nini.

Kinachofuata ni toleo la 2025. Lina viashiria 55 badala ya 39, na mitaa 33,755, kwa kuwa mipaka ilichorwa upya baada ya sensa ya 2021. Siwezi kutoa nafasi ya zamani kwenye mpya na kuiita maendeleo. Nahitaji kwanza jedwali la kuunganisha mitaa ya zamani na mipya, lenye kuonyesha kila mtaa uliogawanywa au kuunganishwa. Nitaanza na Corby.